Picha Nne za Kifungo

Kwenye meza ya kukatia,
Jumatatu, saa nane mchana.

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kabla sijaanza kukuchosha. Hujambo huko? Kile kikohozi ulichoniandikia mwezi uliopita kimekwisha? Naomba kiwe kimekwisha, maana nyie wauguzi mkiugua mnajitibu ovyo kuliko sisi tusiojua kitu. Sisi huku kwa upande wa afya tuko salama. Mwanao Kifungo hajambo, anakula, analala, anauma watu. Jino la nyuma limeanza kutoka, na kila anayepita hapa kibandani lazima aonyeshwe, hata aliyekuja kuchukua suruali yake akaondoke. Mimi mdogo wako mwilini sijambo, ila kichwani ndiko sijielewi. Wifi yako nitakueleza habari zake huko mbele, na nakuomba usiruke mistari kumtafuta.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, na ya tatu nilikuwa nimeigeuza juu chini bila kujua. Unasema yule daktari wa watoto anayewafundisha amepita chumbani kwenu, akaziona zile picha nne za Kifungo ulizobandika juu ya kitanda chako. Akakuuliza mtoto huyu anaishi na nani. Ulipomjibu anaishi na mjomba wake na mke wa mjomba wake, akatikisa kichwa. Akasema mtoto anayechora watu wasio na mikono, tena mmoja huku na mwingine kule, ni mtoto asiye na wa kumshika. Unasema tangu siku hiyo huli vizuri, na kwamba Ijumaa hii unapeleka barua ya kuacha mafunzo ili urudi kwa mwanao. Miezi kumi na sita umeshaivumilia, Dada, imebaki minane tu!

Simu ningepiga, lakini tunajuana. Kwenye simu wewe ndiye unayesema na mimi ndiye ninayeitikia ndiyo Dada, ndiyo Dada, halafu nikikata nagundua sijasema hata nusu ya nililopigia. Ndiyo maana nimekutumia ujumbe mfupi kwamba usubiri, na barua hii nampa yule dereva wa lori ninayempunguzia suruali kiunoni. Anapita huko keshokutwa, na ameapa kukukabidhi mkononi. Nakusihi, usipeleke barua yako kabla hujaisoma hii yangu mpaka kwenye jina langu. Nikinyamaza leo, utaacha kazi uliyoililia tangu tukiwa wadogo, na utaiacha kwa sababu ya jambo ambalo hulijui na mimi nalijua.

Nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho nitachanganyikiwa zaidi ya hapa.

Miezi sita iliyopita uliniandikia kwamba mtoto wa umri wa Kifungo anafaa aanze kushika vitu vya kuchorea. Ulisema mkono unapata nguvu, macho yanajifunza kuufuata, na wewe huko mbali unataka walau picha moja kila mwezi, uiangalie ukitoka zamu. Mimi nikajiambia hilo ni jambo dogo. Mtu anayekata suti na kuishona ikamkaa mtu mwenye bega moja juu na jingine chini, atashindwa na mtoto wa miaka miwili kasoro? Nikafunga kibanda mapema, nikamweka Kifungo begani, tukaenda duka la vifaa vya shule.

Jamani, Dada, mimi nilidhani kuna rangi na kuna penseli, basi. Kumbe! Kuna penseli laini na penseli ngumu, kuna krayoni za nta, za mafuta, za kufutika na zisizofutika, kuna rangi za maji, rangi za unga, rangi za kwenye tyubu, na karatasi zenye uzito tofauti kama vitambaa. Muuza duka akaniuliza nataka za nini. Nikasema za kuchorea. Akaniuliza za kuchorea nini. Hapo nikamtazama Kifungo kana kwamba yeye ndiye angejibu. Kwa vile niliona haya kuuliza zaidi, nikachagua kama ninavyochagua vitu vya kazi yangu. Wewe unajua kwetu mafundi kitu kizuri ni chembamba: sindano nyembamba, uzi mwembamba, mkasi wenye ncha. Nikabeba penseli zilizochongoka zinazoweza kutoboa jani, krayoni nyembamba za rangi ishirini na nne, brashi yenye nywele za kuhesabika, na maka peni mbili, moja nyeusi na moja nyekundu. Nilitoka pale nimejaa kifua mbele.

Wiki ile ilikuwa vichekesho vitupu. Krayoni alizivunja zote siku ya kwanza, si kwa utundu, ni kwamba anashika kwa ngumi nzima na kukandamiza, na vile vitu ni vyembamba kama njiti. Ya bluu aliila. Wifi yako, kwa vile anauza duka la dawa, alichukua boksi akasoma maandishi yake yote madogo mbele na nyuma kutafuta kama kuna sumu. Akasema haina sumu, tusubiri. Tukasubiri, na kesho yake tulipofungua nepi tuliona bluu ya kutosha, tukacheka mpaka tukakaa chini. Maji ya kuoshea brashi aliyanywa. Penseli wifi yako alimnyang'anya siku ya pili, alipoiona inaelekea jichoni. Na ile maka peni nyekundu alimchora nayo usoni yule sanamu wangu wa kuvalishia makoti, na mpaka leo hajasafishika. Wateja wananiuliza anaumwa nini.

Makosa hayo ya vifaa yangepita. Kosa langu kubwa ni lililofuata, na nataka ulisikie kwangu. Nilikata karatasi zangu za kupigia ruwaza, zile ninazochora umbo la nguo kabla ya kukata kitambaa, nikamchorea Kifungo mistari ya nukta kama ninavyoweka alama ya kukata. Duara hapa, mstari ulionyooka pale, mraba kule. Kwangu mimi mstari umewekwa ili ufuatwe. Ukitoka nje ya mstari, kitambaa cha mtu kimeharibika. Basi nikamshika mkono, nikaupitisha juu ya nukta, na kila alipotoka nje nikasema hapana, rudi, hapana, siyo hivyo. Akichora kitu chake cha kuzungushazungusha namuuliza hiki ni nini, na asipojibu nachukua karatasi nyingine. Wifi yako aliniambia mara mbili kwamba mtoto si koti, nimwache. Mimi nikamjibu kwamba ufundi wa mkono nauelewa mimi.

Siku ya tisa au ya kumi hivi, nilipotandika karatasi tu, Kifungo akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo. Hakulia wala hakukimbia. Akanitazama tu, mikono nyuma kama askari. Nikamwekea krayoni miguuni, akaruka juu yake akaenda kuchezea makopo ya vifungo, yale yale yaliyompa jina. Kesho yake tena, mikono nyuma. Keshokutwa, mikono nyuma. Nilimbembeleza kwa biskuti, akala biskuti na mikono ikarudi nyuma. Lo! Nikaona mwisho wa mwezi unafika na wewe unasubiri picha.

Dada, keti kama umesimama. Zile picha nne si za Kifungo. Nimezichora mimi.

Ya kwanza niliichora kwa mkono wa kushoto, nimefumba jicho moja, ili ifanane na ya mtoto. Nilikusudia iwe hiyo moja tu, ya kukutuliza, mpaka mwenyewe aanze. Lakini ukaniandikia kwamba umelia kwa furaha, na kwamba mwenzako wa chumbani naye ameisifu. Ningekuambia nini? Ya pili nikaona nisikurudishe nyuma, nikaweka kichwa na miguu. Ukasema mwenzako huyo amestaajabu, mtoto wa miaka miwili na mwezi mmoja kuchora mtu! Hapo nyie wasomi wawili mngejiuliza kidogo, lakini mlifurahi, na mimi nikajawa na kiburi cha kijinga, nikasahau ni nani anayesifiwa. Ya tatu nikamwongezea mtu yule nyumba. Lile paa lililonyooka, ulilosema mtoto ana jicho la fundi, nililipiga kwa rula ya kukatia kola. Ya nne ndiyo ile ya mtu mkubwa kwenye pembe moja na mtu mdogo kwenye pembe nyingine. Hakuna mtoto wa umri huo anayechora hivyo, sasa najua, na daktari wako naye nadhani angejua kama wewe usingemwapia kwamba ni mkono wa mwanao.

Najua umeiweka barua chini sasa hivi. Umeenda dirishani, umerudi. Una haki. Nilikudanganya kwa kitu ulichokuwa ukikitazama kila siku kabla ya kulala, na sina pa kujificha. Ila endelea kusoma, tafadhali, maana mtoto wako anachora, na hilo ndilo nililotaka kukuandikia hata kabla barua yako haijafika.

Wiki mbili zilizopita alikuja mwalimu wa chekechea, yule mama mnene mwenye sauti, kupimwa gauni. Nikiwa nimezungusha tepu kiunoni mwake, akaona karatasi ya nukta mezani na Kifungo amekaa chini ya meza mikono nyuma. Akaniuliza ndiyo nini ile. Nikamweleza kwa majivuno. Weee! Mwanamke yule alinishushua na tepu yangu bado kiunoni mwake, nikawa siwezi hata kukimbia. Aliniambia mtoto wa umri ule hachori kitu, anachora mwendo wa mkono wake. Anashangaa kwamba amepita mahali na mahali pale pamebaki alama. Ukimuuliza hiki ni nini unamwambia alama peke yake haitoshi. Ukimshika mkono unamwambia mkono wake si wake.

Kisha akanipangia vifaa kama daktari anavyoandika dawa. Krayoni nene, fupi, zile zinazojaa ngumi, na zikivunjika ndiyo vizuri zaidi, nizivue karatasi zake aweze kuzilaza. Rangi mbili au tatu tu kwa mara moja, maana ishirini na nne zinamchanganya hata mtu mzima. Nikamwambia ni kweli, zilinichanganya mimi. Karatasi iwe kubwa, niibandike sakafuni kwa gundi isikimbie. Brashi nene kama ya kupakia gundi, na siku za mwanzo nimpe na maji matupu apake ukuta wa nje, aone unavyolowa na kukauka. Rangi iwe ya watoto, ya kuosheka kwa maji, na chochote chenye kifuniko kidogo kisionekane kabisa, maana vifuniko humezwa. Penseli zangu akasema nizitunze mpaka mtoto aanze shule. Na maneno yangu yawe machache. Nikiona amezungusha, niseme naona umezungusha. Nikiona nyekundu, niseme naona nyekundu. Zaidi ya hapo nifunge mdomo nishone.

Nilinunua vyote. Nikatumia ile karatasi ya ruwaza, nikatandika kipande kikubwa pembeni ya meza, nikaweka krayoni tatu nene, nikakaa kwenye cherehani nikajifanya sitazami. Siku ya kwanza hakugusa. Ya pili aliikanyaga tu. Siku sita zilipita hivyo, na mimi huku nashona mishono mirefu kuliko inavyotakiwa kwa kutazama pembeni. Moyo uliniuma, Dada. Nilijua ni mimi niliyeifukuza ile mikono.

Jumatano iliyopita, mchana, nilikuwa nimelaza koti la mwalimu mkuu kwenye meza ya chini, limekamilika, limebaki vifungo. Koti jeusi, kitambaa alichonunua mwenyewe, anakwenda kustaafu nalo. Nikageuka kupiga pasi suruali yake. Nilipogeuka tena, Kifungo alikuwa ameshika chaki yangu ya fundi, ile nyeupe bapa, kwa ngumi, na mgongo mzima wa koti la mwalimu mkuu ulikuwa umejaa maduara. Makubwa, madogo, yaliyopandana, mengine hayakufunga, mstari unatoka begani unakwenda mpaka kwenye pindo halafu unarudi. Ulimi umetoka nje pembeni ya mdomo. Alikuwa anahema kama mtu anayepanda ngazi.

Nilifungua mdomo nipige ukelele. Sauti ilishafika kooni. Akaniona, na papo hapo ile mikono ikaenda nyuma ya mgongo, chaki na yote.

Nilimeza ule ukelele, nikapiga magoti nikawa sawa naye, nikamwambia, naona umezungusha. Akanitazama kwa kunipima. Akatazama koti. Mkono mmoja ukatoka nyuma polepole, ule wenye chaki, ukazungusha duara jingine kwenye mkono wa koti, na macho yake yakabaki kwangu muda wote kuona nitafanya nini. Nikasema, naona umezungusha tena. Basi! Aliendelea mpaka chaki ikaisha kidoleni, akaniletea kidole kilichojaa vumbi anionyeshe, akacheka. Na mimi nikalia, mwanaume mzima, na pasi inachoma suruali ya mtu nyuma yangu. Suruali nimeshabadilisha pande lake, hakujua.

Koti ilinibidi nilipige brashi, maana mwenyewe alikuwa anakuja saa kumi. Chaki ya fundi inatoka bila kuacha alama. Kwa hiyo zile za uongo unazo nne ukutani, na ile ya kweli, ya kwanza kabisa, siwezi kukutumia. Humu ndani nimekuwekea tatu za siku zilizofuata. Zimejaa mizunguko na karatasi imechanika pale alipokandamiza. Hakuna nyumba, hakuna paa, hakuna mtu mwenye mikono wala asiye na mikono. Najua sina haki ya kukuambia uniamini, lakini zitazame mwenyewe na utaona kwamba mtu mzima hawezi kuiga kitu kile, nilijaribu nikashindwa. Mwanao ni mtoto wa miaka miwili na miezi minne, sawa kabisa na wenzake. Ana wa kumshika, na anashikwa mpaka anachoka, ananisukuma.

Sasa habari za wifi yako.

Wifi yako hayupo. Ameondoka miezi mitano sasa, amehamia kwenye tawi jingine la lile duka la dawa, mbali, na anaishi huko. Salamu zake zote nilizokuandikia tangu hapo nilizitunga. Hatukugombana. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala kumwinulia mkono. Unajua tumekaa miaka saba bila kujaliwa. Kifungo alipokuja, nyumba ilibadilika, na yeye ndiye aliyemzoea kuliko mimi. Siku moja alikuwa anamfunga viatu, akaacha kiatu kimoja hakijafungwa, akaniambia kwamba mwenye mtoto atakuja kumchukua, na yeye siku hiyo hataki kuwepo. Nilimwambia ni mbali bado. Akasema ndiyo maana anaondoka sasa, angali anaweza. Wiki ile ile akaomba uhamisho. Nilimsaidia kubeba begi mpaka kituoni na nikaendelea kumwambia awe na safari njema kama mtu anayesindikiza mgeni. Mpaka leo sijui kwa nini sikumwambia abaki.

Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia, ungerudi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Wiki iliyofuata ndiyo niliyochora ile picha ya kwanza.

Barua yako ilipofika Ijumaa nilikasirika kwanza. Nikasema huyu daktari ana wazimu, mtoto yupo hapa anacheka na kuuma watu, anasomaje upweke kwenye karatasi? Halafu nikajaribu kukumbuka nilichora nini. Mimi nakata mikono ya mashati kila siku ya Mungu, siwezi kusahau mkono. Nilikaa kwenye cherehani mguu haukanyagi, nikajiuliza, ilikuwaje mtu yule mkubwa nikamnyima mikono, tena mara tatu? Na kwa nini nilimweka peke yake kule pembeni? Niliuliza, sikupata jibu la kujipendezesha.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, Dada, na bado sijatoka. Nikikuambia ukweli, unabaki huko miezi minane, na Kifungo anabaki kwangu miezi minane. Hilo linanifaa mimi. Kwa hiyo sijui kama ninakuambia ukweli kwa sababu ni ukweli, au kwa sababu unanirefushia siku. Nikinyamaza, unarudi, unapoteza kazi yako, unamchukua mtoto, na mimi nabaki na sanamu mwenye madoa mekundu usoni. Nimeianza barua hii mara nne tangu Ijumaa. Moja nilikuambia urudi. Moja nilikuambia usirudi. Nyingine mbili sikumbuki. Nimeamua kukuandikia yote kama yalivyo, uchague mwenyewe, maana mimi nikiachiwa mstari nauchora ninavyotaka.

Nisemalo kwa uhakika ni hili: usirudi kwa ajili ya mtoto. Mtoto yuko salama. Maliza masomo yako, uvae hiyo sare, na nitakushonea mimi mwenyewe kwa vipimo vya sasa, nitumie. Miezi minane ikiisha, njoo. Ila ukija, nakuomba usije kumchukua tu na kuondoka siku hiyo hiyo. Njoo ukae kwanza. Chumba kipo, kile cha mbele, na kama ukipata kazi hospitali ya hapa, hata kwa kuanzia, sitakuuliza unakaa mpaka lini. Kama hilo ni kukuomba kitu kikubwa mno baada ya nilichokufanyia, nikatalie, nitaelewa. Nisipoelewa nitanyamaza.

Kwa wifi yako nimeandika pia, wiki hii hii. Barua fupi, haina picha. Sijapata jibu, na sijui kama nitapata.

Wasalimie wenzako wa chumbani, na uwaombe msamaha kwa niaba yangu, hasa yule aliyesifu picha ya kwanza. Jirani yangu anayeshona viatu anakusalimu. Mwalimu wa chekechea anakusalimu na anasema nisikuandikie kwamba yeye alikuwa sahihi, kwa hiyo nakuandikia. Kifungo anakusalimu kwa jino lake jipya, na jana nilipomwonyesha picha yako alisema mama, bila kuulizwa, akaibusu, akailowesha.

Msalimie na huyo daktari wako. Usimwonee haya, mweleze yote. Mwambie kusoma picha anajua, na zile nne alizisoma sawasawa. Amekosea umri tu.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi